Barafu Yenye Jani la Mlimau

Karakana ya friji,
Jumatano asubuhi.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hupendi nikuamkie kwa maandishi, unasema inakuzeesha, lakini nivumilie, maana leo nina haja ya kuanza kwa adabu. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho kwa Mama ulisema zamu za wodini zinakumaliza na kwamba umenunua viatu vyenye soli laini. Natumaini vinakusaidia, na natumaini siku hizi unapika, si chai na mkate asubuhi na jioni. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua akiamka, na likishapata joto anatembea kuliko mimi. Mimi nipo kama ulivyoniacha, mrefu na mwembamba, ila nywele zimeanza kurudi nyuma.

Ningeweza kukupigia simu. Tatizo ni kwamba nikisikia sauti yako mdomo wangu hukimbilia mvua na jua. Nitakuuliza kama huko kuna baridi, nawe utaniuliza kama huku kuna joto, kisha tutaagana. Nina jambo la kukuambia ambalo limenikwama kooni kwa miaka, na kwenye simu halipiti. Nitalifikia. Kwanza nikupe habari za harusi ya mdogo wetu Kitinda, kwa sababu jambo lenyewe limo humo humo.

Kitambaa ulichotuma kilifika salama na mshonaji alikitendea haki. Bibi harusi alipendeza mpaka nikamwonea haya, yule yule tuliyekuwa tukimfuta makamasi kwa zamu. Alitaka sherehe ifanyike nje, na si nje popote, bali uwanjani nyuma ya kiwanda cha barafu. Unaukumbuka uwanja ule, magari yalipokuwa yakipakia asubuhi na sisi tukiokota vipande vilivyodondoka, wewe mbele na mimi nyuma yako, ukiniita Mkia. Sasa ni mwaka wa nne tangu kiwanda kifungwe. Mashine zimeng'olewa, paa limebaki nusu, na nyasi zimeota kwenye nyufa za saruji. Msimamizi wa jengo alitukubalia bila maneno mengi kwa heshima ya Baba, aliyefanya kazi pale miaka thelathini na mmoja. Umeme hakuna hata wa kuwashia balbu. Rafiki wa shemeji yetu mpya alileta jenereta, lakini ikaishia kwenye muziki, na kila ukiiongezea mzigo ilikuwa inakohoa.

Hesabu yenyewe ilikuwa wageni mia tatu, jua la mchana, na hakuna umeme. Wote wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa ni fundi friji. Nami nilikubali haraka kuliko nilivyopaswa, kwa sababu ya ahadi ya Baba. Wewe hukuisikia, maana ulikuwa umekwisha kuondoka. Kitinda alikuwa na miaka kumi na minne hivi, amelala na homa, na Baba alimtilia kipande cha barafu kwenye glasi ya maji, akaitikisa karibu na sikio lake, akamwambia asikilize inavyolia. Akamwahidi kwamba siku ya harusi yake atamtilia barafu ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na hapatakuwa na mgeni atakayekunywa kitu cha vuguvugu. Baba hayupo, lakini ahadi imebaki. Wiki mbili kabla ya harusi Kitinda alinijia karakanani akaniambia kwamba kutoka kwangu hataki zawadi, anataka tu asikie barafu ikilia kwenye glasi yake. Akageuka akaondoka, na nadhani alikuwa analia.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuota mchana. Mteja anaongea, mimi naona baridi. Nilikuwa naiona ikitembea chini chini kama paka, ikitafuta mlango wa kutokea, na kazi yangu ikawa kuziba milango yote ya uwanja usiokuwa hata na kuta. Mama aliniuliza kama nimepata mchumba.

Nilianza na friji zangu zilizokufa. Ninazo kumi na moja nyuma ya karakana, wenyewe walishakata tamaa nazo. Watu husahau kwamba friji hata mashine yake ikifa, mwili wake bado unajua kutunza baridi, maana ni sanduku lenye kuta nene tu. Niliziosha kwa sabuni na kwa malimau ya mti wako, ule ulioupanda karibu na bomba, ambao bado unazaa mpaka tunagawa. Kisha nikazilaza chali uwanjani, chini ya kivuli cha ukuta, milango ikitazama juu. Mama alipoziona zimelala mstari mmoja, nyeupe zote, akasema nimefungua wodi, akataka kujua nesi anapita saa ngapi. Nikamjibu kwamba nesi yuko mbali na amenunua viatu vyenye soli laini. Tulicheka, kisha yeye akaenda kutafuta kazi ya kufanya.

Barafu yenyewe ilitoka mtaani. Ya kununua siku hizi inaletwa kutoka mbali na ikifika nusu yake ni maji. Lakini friji nyingi za mtaa wetu zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo nilikuwa na milango ya kugonga. Kila nyumba iligandisha chupa mbili za maji ya kunywa na mifuko kadiri ilivyoweza. Mwalimu wetu wa darasa la tatu, amestaafu sasa, ndiye aliyezikusanya, na aliziandika kwenye daftari kwa jina na kwa alama. Aliyeleta chupa nusu alirudishwa nyumbani kuijaza, na mmoja wao alikuwa mkuu wa kituo cha polisi.

Seremala alitupa maranda magunia manne. Tulitumbukiza makreti ya soda katika lile tangi la saruji lililochimbiwa chini, ambamo zamani maji ya chumvi yalikuwa yakizunguka, tukayazungushia chupa za mtaa na kuyafunika kwa maranda na magunia yaliyoloweshwa. Mama alitengeneza mitungi yake, mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliomwagiwa maji, akaipanga pale upepo unapopita. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya wazee ambao meno yao hayataki baridi ya friji. Shangazi yake shemeji, mama mmoja mnene asiyeamini kazi ya mtu yeyote ila yake, aligandisha vipande vya nanasi na zabibu akavimwaga kwenye mapipa ya juisi badala ya barafu, akasema yeye hanyweshi watu juisi ya kuongezewa maji. Alikuwa na haki, na alihakikisha kila mtu anajua.

Mimi nilitundika mashuka. Mashuka ishirini na mawili meupe, yameloweshwa na kukamuliwa nusu, kwenye kamba upande ule upepo unakotokea. Upepo ukipita kwenye shuka bichi unatoka upande wa pili umepoa, na ukiwa umekaa nyuma yake unahisi mtu amekufungulia mlango wa chumba chenye kivuli.

Na ndani ya friji zilizolala, soda na maji vilizama katika barafu iliyotiwa chumvi, kama Baba alivyotufundisha. Unakumbuka alivyokuwa akituchezea, anatia chumvi kwenye ndoo ya barafu, anazungusha chupa humo, na kabla hujamaliza wimbo mmoja chupa inakuuma vidole. Friji kumi nilizipangia chumvi. Ya kumi na moja, ile ya mwisho karibu na mlango wa zamani, niliiacha bila chumvi kwa sababu ilikuwa na barafu ya kutia kwenye glasi. Niliifunga utepe mwekundu kwenye mshikio. Mama nilimkabidhi ndoo ya chumvi na kopo la kupimia, nikaenda kuhangaika na kamba za mashuka.

Sherehe ilianza Jumamosi saa nane. Nikwambie kweli, kwa saa mbili nilisahau kwamba nina miguu. Mashuka yalikuwa yanajaa upepo na kunywea, yanajaa na kunywea, na watoto wanapita katikati yake nyuso zimelowa. Watu waliinama juu ya friji kama wanaochungulia kisima, na kila mlango ukiinuliwa moshi mweupe wa baridi unawapanda usoni, wanafumba macho. Hata sauti za watu zilishuka. Wazee sita waliofanya kazi na Baba walikuja wamevaa makoti, wakapita kwenye kila friji wakizigusa chupa kwa mgongo wa mkono, mpaka yule mwenye kilemba akanitazama akatingisha kichwa kwa kukubali. Nilijiona nimefika. Niliegemea ukuta wa kiwanda nikaona kama kazi haijawahi kusimama pale, kama Baba yuko ndani anafunga bomba na atatoka sasa hivi akijifuta mikono.

Pale meza kuu Kitinda alikuwa ameagiza kiti chako kiwekwe, kati ya Mama na mwalimu. Hakikuwa na mtu, mbele yake glasi tupu imegeuzwa mdomo chini. Wageni wengine waliuliza, na Mama aliwaambia kwamba ni cha binti yake mkubwa, yuko zamu. Wewe na mimi tunajua kwa nini hukuja, na kwa nini hukuja wakati wa msiba, na miaka yote kabla yake. Siku unaondoka Baba alisema anayetoka kwa mlango huo asirudi. Nawe ukaiweka chini glasi aliyokuwa amekupa, ukamwambia kwamba hata maji yake ya baridi huyataki tena. Nilikuwa nimesimama jikoni, niliyasikia yote mawili.

Basi ikafika saa ya kuwatakia heri maharusi. Mjomba wa shemeji, ambaye alijipa cheo cha mhudumu wa meza kuu, alikwenda mwenyewe kwenye friji yenye utepe mwekundu akajaza ndoo ya barafu, akatia vipande kwenye glasi zote za meza akamimina maji. Kwa kuwa ni mtu wa kiu, alionja yake kabla ya kila mtu. Dada, uso wa mzee yule ulijikunja mpaka masikio yakasogea. Alitema pembeni, akauliza kwa sauti kama haya ni maji ya harusi au ya kusukutulia jino.

Nilikimbilia ile friji, nikachovya kidole kwenye barafu nikakitia mdomoni. Ilikuwa chumvi tupu. Mama alikuwa amepita na ndoo yake kutoka friji ya kwanza hadi ya mwisho, kopo moja moja, bila kuruka hata ya utepe mwekundu. Sikumwona, na hata ningemwona nisingeshtuka. Miaka yote ile alikuwa akimpelekea Baba chakula cha mchana na kumsaidia kutia chumvi kwenye tangi, na mkono wake ulijua kazi moja tu, kwamba penye barafu hutiwa chumvi. Aliniambia baadaye kwamba hata utepe aliuona. Aliusogeza tu usilowe. Alikuwa anaimba moyoni, akili yake iko mwaka mwingine kabisa.

Maji yalinifika shingoni. Chupa za mtaa zilikuwa zimekwisha kugawiwa kwa wageni, na zilizobaki ni maji ya baridi yasiyo na hata chembe ya barafu. Tulizimwaga glasi za meza kuu tukatia maji safi. Mtu akasema barafu ioshwe, tukajaribu, ikaishia mikononi. Shangazi akaja na kipande cha nanasi lililoganda, uso umejaa ushindi, akakitia mwenyewe kwenye glasi ya bibi harusi. Kilianguka dubwi. Kitinda aliitikisa glasi mara moja, akaiweka chini taratibu, akamshukuru shangazi kwa heshima. Nanasi halilii. Kisha akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, si kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

Karakana iko nyuma ya ukuta wa kiwanda, hatua mia mbili. Nilikwenda mbio. Hapa sasa, dada, kaa vizuri, maana ndipo nilipokuwa nakupeleka tangu mwanzo.

Siku kiwanda kilipofungwa, Baba alikuja karakanani akisukuma toroli. Juu ya toroli gunia, ndani ya gunia maranda, ndani ya maranda pande moja la barafu, la mwisho kutoka pale. Akaniambia nifungue friza. Alipolifunua niliona halina weupe hata kidogo, ungeweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili. Alikuwa amelikalia tangu jana yake, akiyakoroga maji na kuyatoa yale machafu ya katikati kabla hayajaganda, kazi ambayo kiwandani walikuwa wameshaiacha kwa uvivu. Na katikati ya barafu hiyo, limesimama wima, kulikuwa na jani la mlimau.

Unalijua jani hilo. Ulipougua ukiwa mdogo na kukataa dawa na maji, Baba alikugandishia barafu yenye jani la mlimau ukakubali kuinyonya ili ulifikie, na tangu hapo ukiugua lilikuwa lako. Mimi niliugua surua na tetekuwanga na kuvunjika mkono. Barafu nilipewa, jani sikupewa. Niliomba mara moja, akasema mimi atanitafutia kitu kingine, akasahau. Najua unacheka. Mimi pia hucheka nikiisimulia.

Baba alijifuta mikono kwenye suruali muda mrefu, halafu akasema hiyo barafu ni yako, niitunze mpaka utakapokuja. Akaniagiza nikuandikie barua, kwa kuwa yeye na kalamu hawakuelewana. Maneno ya kuandika yalikuwa machache, na aliyarudia mara mbili nisije nikayageuza. Nitayaandika chini kabisa, peke yake, sitaki yachanganyike na yangu. Yalikuwa maneno ya kukurudisha nyumbani.

Sikuandika.

Nilimwambia ndiyo, na sikuandika. Siku ya kwanza nilijiambia kesho. Siku ya pili nilikaa na karatasi nikaona wivu unanipanda kama homa. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi ndiye niliyembebea magunia mgongo ukiwa bado laini, nikamsikiliza akikoroma na kulalamika, na barafu ya mwisho ya maisha yake alikugandishia wewe uliyekwenda. Nikaiweka karatasi. Wiki ya sita Baba akaanguka. Akiwa kitandani hospitalini aliniuliza kama umejibu. Nikamwambia barua siku hizi zinachelewa. Akasema basi tusubiri. Siku tisa alikuwa akiniuliza kila asubuhi, na kila asubuhi nilimpa jibu lile lile, mpaka asubuhi ambayo hakuuliza.

Na wewe ukaniandikia baada ya mazishi. Uliniuliza swali moja tu, kama Baba alisema neno lolote juu yako. Barua hiyo ninayo. Nilikujibu kwamba alikuwa amechoka sana, hakusema mengi. Nimeiona sentensi hiyo kila siku kwa miaka mitatu na miezi saba. Niliiandika kwa mwandiko mzuri.

Barafu niliitunza. Umeme ukikatika nilikuwa naifunika friza kwa mablanketi yangu mwenyewe na kulala nimejifunika koti. Sijui nilikuwa nalinda nini, labda niliona ikiwa ipo basi bado sijachelewa. Lakini barafu hupungua hata ikiwa kwenye baridi, inaisha yenyewe pole pole pembeni. Iliingia ikiwa na ukubwa wa mto wa kulalia. Jumamosi ile nilipoitoa ilikuwa kama mkate mmoja, jani bado katikati.

Nilirudi nayo uwanjani imefungwa kwenye shati langu. Niliivunja kwa ule msumari mrefu wa Baba, nikianza pembeni, mbali na jani. Kipande cha kwanza nilikitia kwenye glasi ya Kitinda kwa mkono wangu. Aliitikisa karibu na sikio. Ililia. Alifumba macho, akaitikisa tena, na meza nzima ikageuka kumwangalia akisikiliza glasi. Shemeji alitaka kusema kitu akaacha, na nikampenda kuanzia hapo.

Wale wazee sita walisimama bila kuitwa. Niliwapa kila mmoja kipande kisichozidi ukucha, na hakuna aliyekitia mdomoni. Walikiinua kwenye mwanga, wakakigeuza viganjani kikiwachuruzikia kwenye mikono ya makoti. Yule mwenye kilemba akaniuliza kwa sauti ndogo niliipata wapi, kwa kuwa mtu wa kuitengeneza hivyo alikuwa mmoja tu. Kabla sijajibu Mama alikuwa amefika. Aliitazama ile iliyobaki kwenye shati, akaliona jani. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya mashuka.

Nilimwambia yote pale pale, nimesimama, shuka bichi linanipiga mgongoni. Nilitegemea anipige kofi, na ningefarijika. Mama alikaa juu ya friji moja iliyofungwa. Halafu akasema kwamba siku zile zote tisa alikuwa upande wa pili wa kitanda, akimsikia Baba akiuliza habari za barua, na alidhani ni wewe uliyekataa kujibu. Miaka yote amekuwa akikuandikia habari za goti na mvua, akilimeza hilo ili asikuumize. Alilia kidogo. Kisha akachukua kipande chenye jani, akaenda nacho meza kuu, akaigeuza glasi iliyokuwa mbele ya kiti chako akakitia humo, akaketi pembeni yake. Kwangu alisema neno moja, kwamba barua nitaandika mwenyewe, yeye hatanisaidia hata salamu.

Glasi yako ilikaa hapo hadi jua linazama. Watu walicheza, wakala keki, wakamaliza soda zote zikiwa baridi, hata ile ya mwisho kabisa aliyoinywa mjomba baada ya kuinusa kwanza. Wakati wa kukunja mashuka barafu yako ilikuwa imekuwa maji matupu, na jani linaelea juu. Mtu alitaka kuimwaga ili aoshe, Mama akaifunika kwa kiganja. Nikayamimina maji yale na jani lake kwenye kikombe cha bati cha Baba, nikayarudisha kwenye friza. Yameganda tena. Nimeyachungulia asubuhi hii kabla ya kukaa kuandika. Jani limepauka kidogo na limelala ubavu, lakini ni lile lile, na hakuna mtu aliyeyagusa kwa mdomo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo unigombeze ana kwa ana, nitakaa kimya mpaka uishiwe pumzi, na ukiishiwa nitakuwekea kiti upumzike uendelee. Nimekudhulumu wewe, nimemdhulumu Baba na Mama, na hakuna friji ninayoweza kuitengeneza ikalipa hilo. Chumba chako kipo. Mti wako umeelemewa na malimau. Kitinda anakusalimu, yeye na shemeji, wanakushukuru kwa kitambaa. Mwalimu anakusalimu, anauliza kama bado unaandika kwa mkono wa kushoto. Mama hasemi nikusalimu, ila amefua mashuka yale na moja amelitandika kitandani kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Mkia.

Haya ndiyo maneno ya Baba niliyoagizwa kukuandikia:

Mwambie dada yako maji yake ya baridi yapo.